Nyumbani naitwa Daktari, huku naambiwa niishie masta

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lihifadhiwe, na chuo changu usikitaje hata ukikihisi. Mimi ni kijana wa kiume, mtoto wa kwanza kati ya watano, nyumbani ni Korogwe. Shahada ya kwanza nilisoma Sokoine, Morogoro, nikabaki pale kwa muda kama msaidizi wa utafiti, kisha nikapata nafasi ya kusoma uzamivu katika chuo kikuu binafsi cha utafiti, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Sasa niko mwaka wa nne.

Barua ya kukubaliwa ilipokuja, baba aliichapisha akaiweka kwenye fremu sebuleni. Yeye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mambo ya barua anayaheshimu. Mjomba hakuamini kwamba mtu anaweza kwenda Marekani asilipe ada na juu yake alipwe, akauliza kama hao si matapeli. Lakini ni kweli. Ada inalipwa na chuo, bima ya afya ipo, na kila mwezi naingiziwa posho, ambayo sisi Watanzania wachache tulioko hapa tumezoea kuiita boom kama tulivyokuwa tukisema nyumbani. Ikishakatwa kodi inabaki kama dola 2,900. Chumba, kwenye nyumba ninayoishi na wenzangu wawili, ni dola 1,250. Nyumbani natuma 300, mwezi mwingine 500, maana mdogo wangu anasoma uuguzi na nyumba ya wazazi imefika kwenye lenta, inasubiri kupauliwa.

Tatizo langu ni supavaiza. Miaka miwili ya mwanzo alikuwa kama mzazi. Sikukuu ya Shukrani alinikaribisha kwake, akanipa na koti la baridi la mwanawe. Kazi yangu ni kutafuta umbo la protini moja ya kimelea cha malaria. Mtihani wa kufuzu niliupita vizuri, kamati ikanipongeza. Baada ya hapo mambo yakapoa. Kikao chetu cha kila wiki kikawa cha kila mwezi, kisha ikawa “niandikie tu”. Akaja postidoki mpya, yaani mtafiti aliyekwisha kupata uzamivu, kutoka maabara kubwa. Siku moja nikafungua friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, boksi langu la sampuli halipo kwenye rafu yangu. Nikalikuta rafu ya postidoki. Juu ya utepe wenye jina langu umebandikwa utepe mwingine wenye jina lake, haukukaa sawa, herufi ya kwanza ya jina langu ilikuwa inachungulia pembeni. Nilipomuuliza alishangaa kweli. Alisema aliambiwa mradi ni wake sasa. Ile protini nimeihangaikia miaka miwili, Shangazi.

Mwezi uliopita supavaiza akaniandikia barua pepe. Anasema ruzuku inayonilipa inaisha mwezi wa sita na hajui kama itaongezwa. Anasema pia kasi yangu siyo aliyoitarajia, hivyo niwe tayari kufikiria kumaliza na shahada ya uzamili. Tutalizungumza kwenye kikao cha kamati yangu cha mwaka, mwezi ujao. Mpaka leo sijamjibu.

Usingizi umeniruka. Asubuhi napanda basi, kituo cha maabara kinafika, nakaa tu mpaka mwisho wa njia, halafu narudi nalo. Alhamisi pekee ndiyo siku nzuri kwa sababu nafundisha kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa bayolojia. Siku hiyo nafika mapema na ninatoka wa mwisho.

Nyumbani wameshaanza kuniita Daktari. Mpaka muuza genge anamwita baba “Baba Daktari”. Nikirudi na masta watasema nimedisko, na wenye masta wamejaa Dar es Salaam wanatafuta kazi. Mjomba ananiambia vumilia, Wazungu ndivyo walivyo. Rafiki yangu Mkenya anasema hama maabara kabla hujafukuzwa. Mwenzangu mmoja Mhindi yeye alijiondokea na masta yake, sasa yuko kampuni ya dawa na ana gari. Halafu kuna wanafunzi wenzangu wanaounda chama cha wafanyakazi, wananitaka nisaini kadi ya kukiunga mkono. Naogopa, kwa sababu viza yangu kwenye pasipoti ilishaisha muda na tangu nije sijawahi kurudi nyumbani.

Nivumilie, nihame, niishie hapa au nirudi? Na mwezi huu nitume hela ya mabati au nijiwekee?

Msomaji wako, Marekani

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile basi. Umelitaja kidogo ukapita, mimi ndipo niliposimama. Mtu anayekipita kituo cha kazini kwake makusudi, na usingizi hana, amefika mahali ambapo ushauri wa mjomba na wangu pia hautoshi. Vyuo vya aina hiyo kwa kawaida vina washauri nasaha ambao mwanafunzi huwaona bila kutoa hela mfukoni, na unayowaambia hayafiki kwa profesa. Nenda kabla ya hicho kikao cha kamati. Na kama zipo siku ambazo mawazo yanafika mahali pa kutotaka kuendelea kuishi (hukusema hivyo, nauliza kama mzazi anavyouliza), huko Marekani kuna namba 988, unapiga au unatuma ujumbe saa yoyote, usiku hata mchana. Kwetu tumelelewa kwamba mwanaume hujikaza. Sijamwona aliyepata usingizi kwa kujikaza.

Sasa jambo lenyewe. Nikiisoma barua yako naona vitu vinne: posho, kibali cha kukaa nchini, kazi yako ya kisayansi, na heshima ya nyumbani. Vyote umevitundika kwenye msumari mmoja, na msumari huo ni supavaiza. Akikunja uso, vyote vinatikisika kwa pamoja, ndiyo maana barua pepe moja imekunyima usingizi mwezi mzima.

Hukujitakia. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipofunguliwa Baltimore mwaka 1876 kiliiga mtindo wa Ujerumani: mwanafunzi wa ngazi ya juu asikae tu kusikiliza mihadhara, afanye utafiti pembeni ya profesa mpaka naye awe mtafiti. Vyuo vingine vikafuata. Sayansi kubwa imetoka humo, siwezi kuibeza. Ila mtindo huo ulimwacha kijana chini ya mtu mmoja ambaye ndiye mwalimu, ndiye anayemlipa kutoka kwenye ruzuku yake, na ndiye atakayeulizwa habari zake kila anapoomba kazi. Profesa akibanwa, wa kwanza kuumia ni huyo aliye chini yake.

Na huenda wako amebanwa. Umeniandikia kama mtu aliyechukiwa, na inawezekana kweli amekuchoka, mimi simjui. Lakini irudie barua pepe yake kama ulivyonieleza. Ameanza na ruzuku, kasi yako ameitaja baadaye. Maabara kama yenu huishi kwa ruzuku za serikali, kubwa zikiwa za Taasisi za Taifa za Afya, na mwaka 2025 ulikuwa mgumu kwao. Machi serikali ya Marekani ilitangaza kufuta ruzuku na mikataba ya Chuo Kikuu cha Columbia ya takriban dola milioni 400. Aprili ikazuia zaidi ya dola bilioni 2 za Harvard. Mambo hayo yamepelekwa mahakamani, mengine yamemalizwa kwa mazungumzo, lakini hofu ilifika hata kwa maprofesa ambao vyuo vyao havikutajwa popote, wakaanza kuhesabu watu wao. Postidoki mwenye uzoefu anaweza kuumaliza mradi mapema, makala ikatoka, na ombi jipya la fedha likapata nguvu. Kwake yeye hiyo ni hesabu ya kuokoa maabara, na kwako ni kunyang’anywa kazi ya miaka miwili.

Kwa nini nakutaka ulifikirie hili? Kwa sababu mtu aliyeishiwa fedha anaweza kukusaidia kuhamia kwa mwenzake kwa moyo mweupe, na barua nzuri akakuandikia. Aliyekukataa hataandika barua nzuri hata ukimvumilia miaka mitatu. Hujui bado uko mikononi mwa yupi, kwa sababu hujamuuliza.

Simtetei. Kubandika utepe juu ya jina la mtu bila kumwambia ni kukosa adabu, iwe Korogwe au Marekani. Na kazi uliyoifanya ina haki yake hata mradi ukienda kwa mwingine. Kaa chini uandike ulichofanya tangu mwanzo: sampuli gani, majaribio gani, tarehe zipi, yako wapi kwenye daftari la maabara. Usihamishe data kinyemela, mara nyingi ni mali ya chuo na utajiingiza matatani bure. Orodha yako tu inatosha. Halafu uliza kwa maandishi, kwa upole, jina lako litakaa wapi kwenye makala itakayotokana na ile protini. Hilo ni swali la kawaida kabisa katika kazi yenu, na jibu lake litakusaidia uamue lolote uamualo.

Kuna kitu kingine ambacho mjomba amekiharakisha. “Wazungu ndivyo walivyo.” Je, wenzako wa maabara hiyohiyo wanatendewaje? Kama kila mwanafunzi wa mwaka wa nne amepata barua kama yako, hiyo ni habari ya fedha. Kama wewe tu, na wenzako wenye kasi ileile wanaitwa vikaoni kama kawaida, hiyo ni habari nyingine, na chuo kitakuwa na ofisi ya kushughulikia malalamiko ya ubaguzi. Chunguza kabla hujaamini lolote kati ya hayo.

Pia barua pepe yake umeisoma kama hati ya kufukuzwa. Mimi naiona kama pendekezo, zito na la kuumiza, lakini pendekezo. Mwanafunzi aliyekwisha kufaulu mtihani wa kufuzu kwa kawaida haondolewi na profesa mmoja kwa barua pepe. Kuna kamati, kuna mkurugenzi wa masomo ya uzamivu wa idara, kuna mwongozo wa wanafunzi unaosema onyo hutolewa vipi na rufaa hukatwa wapi. Chuo chenu ni cha binafsi, kwa hiyo mambo mengi hayasimamiwi na sheria za jimbo kama vyuo vya umma, na mwongozo huo ndio karibu mkataba wako. Usome wote, hata kurasa zinazochosha. Angalia pia kama kuna msuluhishi wa chuo, yaani mtu anayesikiliza migogoro kwa siri bila kuwa upande wowote. Vyuo vingi vikubwa vinaye.

Sasa njia zako.

Kuvumilia, kama anavyosema mjomba, si ushauri mbaya, mradi iwe subira yenye tarehe. Unavumilia hadi lini, na ukitarajia nini kibadilike? Ukibaki, baki kwa makubaliano yaliyoandikwa: tasnifu itakuwa na sura zipi sasa kwa kuwa protini imeondoka, zitakamilika lini, na baada ya mwezi wa sita posho inatoka wapi, labda kwa kufundisha. Bila hayo unaweza kufika mwaka wa sita ukapokea barua pepe ileile.

Kuhama maabara ndani ya chuo hichohicho kuna unafuu mmoja mkubwa: programu haibadiliki, na kwa kawaida I-20 yako, ile hati ya chuo inayoonyesha kwamba wewe ni mwanafunzi halali, inabaki ilivyo. Idara nyingine huwa na fedha kidogo za kumshikilia mwanafunzi muhula mmoja wakati anatafuta pa kwenda. Hatari ni mbili. Mwaka wa nne maabara mpya inaweza kukuongezea miaka, na profesa mpya atampigia simu wa zamani. Idara ni ndogo, maneno hutembea. Ndiyo maana nisingeanza kugonga milango ya maprofesa. Ningeanza na mkurugenzi wa masomo, au yule mjumbe wa kamati ambaye unajua moyoni kwamba anakuelewa. Yupo mmoja, huwa yupo.

Kuhusu masta, mwenzako Mhindi alipita barabara ambayo kwako ina vizuizi vyake. Anayemaliza shahada ya sayansi huko anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi katika fani yake, OPT, kwa miezi 12, na fani za sayansi na teknolojia zinaweza kuongezewa 24. Maombi hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza, mwisho siku 60 baada ya kumaliza, na ndani ya ile miezi 12 huruhusiwi kukaa bila kazi kwa jumla ya zaidi ya siku 90. Lakini Desemba 2025 rais wa Marekani alitoa tangazo lililoiingiza Tanzania katika nchi zilizowekewa vizuizi vya viza, za wanafunzi zikiwemo, kuanzia 1 Januari 2026. India haimo. Hivyo kabla hujaitamani gari yake, kaulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni jambo moja hasa: maombi ya OPT ya Mtanzania yanashughulikiwa sasa hivi, au yamesimamishwa? Jibu hilo linaweza kubadilisha kila kitu.

Na hapa naomba usome polepole. Kuna tofauti kubwa kati ya kumaliza na masta na kujiondoa tu. Anayemaliza shahada ana siku 60 za kujipanga. Anayejiondoa kwa idhini ya ofisi ana 15. Anayeacha kimyakimya hana hata moja. Ukifikia hatua ya kuondoka, hakikisha shahada ya uzamili imeshatolewa au iko njiani kwa maandishi kabla hujasaini fomu yoyote ya kujitoa. Hasira ya siku moja isikupotezee shahada ambayo tayari umeifanyia kazi.

Kurudi nyumbani kupumzika, ambako kwa wengine ni likizo tu, kwako kunaweza kugeuka uamuzi wa mwisho. Viza iliyoisha muda kwenye pasipoti haikuondolei haki ya kukaa huko maadamu I-20 yako iko hai na unasoma. Ila ukitoka utahitaji viza mpya, na kwa Mtanzania, kwa hali ilivyo, mlango huenda usifunguke. Tena mwanafunzi anayesimamisha masomo na kukaa nje zaidi ya miezi mitano kwa kawaida huhesabiwa kama anaanza upya. Kama unachohitaji ni kupumua, ipo njia ya kubaki hukohuko na kupunguziwa masomo kwa sababu za kiafya, hadi jumla ya miezi 12, kwa barua ya daktari na idhini ya ofisi kabla hujapunguza. Sababu nyingine hiyo ya kwenda kwa mshauri nasaha mapema, anajua barua hizo zinavyopatikana.

Kurudi moja kwa moja je? Sitakudanganya kwamba kazi ziko tele. Ni kweli wenye masta wanahangaika. Lakini utafiti wa malaria hauishi Marekani peke yake. Kuna Taasisi ya Afya ya Ifakara, kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha inayotoa uzamivu, na ng’ambo ya mpaka kuna KEMRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Kenya, pale Kilifi. Aliyefanya kazi ya protini kwa miaka hiyo katika maabara nzito siyo sawa na mwenye cheti tu. Waandikie sasa, ukiwa bado na barua pepe ya chuo na mshahara, uone wanasemaje. Kuuliza hakukufungi.

Ile kadi ya chama. Hofu yako si ya kijinga, wanafunzi wa kigeni wamepitia misukosuko huko. Nikueleze tu ilivyo. Mwaka 2016, katika shauri la Columbia, Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi iliamua kwamba wanafunzi wa vyuo binafsi wanaofundisha au kufanya utafiti kwa malipo ni wafanyakazi na wana haki ya kuunda chama. Ilikuwa imewapa haki hiyo mwaka 2000, ikawanyang’anya 2004, kwa hiyo usishangae ikiyumba tena. Tangu hapo vyuo binafsi vingi vimepata vyama, MIT na Yale vikiwemo. Mwanafunzi wa kigeni ana haki hiyo sawa na mwenyeji, na Bodi haimwonyeshi mwajiri kadi zilizosainiwa. Hata hivyo chama kwa kawaida kitakutetea kwenye malipo, saa za kazi na unyanyasaji. Kama tasnifu yako inatosha au haitoshi, hilo hubaki kwa kamati. Usaini au usisaini, hakitamaliza jambo la mwezi ujao.

Sasa mzee wako. Umemtaja baba kuliko ulivyomtaja kimelea cha malaria, na hakuna mahali ulipoandika kwamba umemwambia. Umemsemea. Mtu aliyefundisha shule ya msingi mpaka kustaafu ameona watoto wenye akili wakikwama, na ameona walimu wakiwaonea. Huenda anaweza kulibeba hili kuliko unavyodhani. Huenda pia akaumia kwanza, akanyamaza siku mbili tatu. Hayo nayo ni ya baba na mwana, muuza genge hayamhusu. Hufukuzwi kwa kufeli, hujafeli mtihani wowote huko, na unaweza kumweleza hivyohivyo. Ila mpigie simu yeye, usiandike kwenye grupu la familia.

Hela ya mabati ina uhusiano na simu hiyo. Kama posho inaweza kukatika mwezi wa sita, mtu mwenye akiba ya kodi ya nyumba ya miezi michache na nauli hafanyi maamuzi kwa woga. Kuta zilizofika lenta zinaweza kusubiri. Ada ya mdogo wako ni jambo jingine, mitihani ya uuguzi haisubiri. Lakini ukipunguza bila kusema, watadhani umepata mke wa Kizungu (nawajua wa Tanga), na maneno yatakuwa mengi kuliko ukweli wenyewe. Wewe ndiye unayejua wanaweza kuhimili kiasi gani.

Na Alhamisi. Katika barua nzima hapo tu ndipo uliposema unafika mapema. Sisemi uache utafiti ukafundishe. Nauliza: ukiondoa supavaiza, ukiondoa jina la Daktari, hiyo kazi ya kukaa na protini moja miaka na miaka bado unaipenda, au uliipenda alipokuwa anakualika sikukuu? Sina jibu, na usinipe mimi. Lakini kamati inaweza kukuuliza jambo linalofanana na hilo, ni vizuri likukute umeshalifikiria.

Ningekuwa wewe ningekwenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni na maswali yaliyoandikwa: siku zangu ni ngapi kwa kila njia, masta inaombwa lini, OPT ya Mtanzania ikoje. Kwa kawaida wao hawamwambii supavaiza. Kisha ningemwona mkurugenzi wa masomo, nikauliza kuhusu fedha za muhula mmoja. Baada ya hapo ndipo ningemjibu supavaiza, maana kimya cha mwezi mzima naye anaweza kukisoma vibaya. Haihitaji barua ndefu. Mwambie umeipokea, imekushtua na umekuwa ukiitafakari. Muombe nusu saa ana kwa ana kabla ya kikao cha kamati, na umtajie mambo matatu unayotaka mzungumze: fedha baada ya Juni, nafasi ya jina lako kwenye makala, na nini hasa kingemfanya aseme kasi yako inatosha. Hilo la tatu akishindwa kulijibu mbele yako, waombe wajumbe wa kamati walijibu wao, na yaandikwe kwenye ripoti ya kikao.

Shangazi